Mjadala: Je, Denys Finch Hatton alipoteza kipaji chake nyikani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila mgeni anayepandishwa milima ya Ngong kuona kaburi la Denys Finch Hatton husimuliwa habari za mwindaji mtanashati, rubani, mpenda mashairi. Mimi naomba tumjadili kwa swali moja tu: akili zote zile alizifanyia nini?

Alizaliwa 1887, mtoto wa pili wa kiume wa Earl (cheo cha kikabaila cha Uingereza) wa 13 wa Winchilsea. Akasomeshwa Eton, shule ya wakubwa wa Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, akatoka na digrii ya daraja la nne. Mwaka 1911 akaja Kenya, akanunua ardhi huko karibu na Eldoret, akamwachia mshirika wake aisimamie, yeye akashika bunduki. Baadaye akawa anawaongoza matajiri kwenye safari za kuwinda. Mwaka 1928 mteja wake alikuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Mwaka 1931 ndege yake ikaanguka Voi, akafa akiwa na miaka 44.

Chanzo naona ni mirathi. Kwa makabaila wa Uingereza, cheo na shamba huenda kwa kifungua mimba wa kiume. Sisi wa pwani, tuliokulia kwenye mirathi ya Kiislamu ambapo ndugu wa kiume hupata mafungu sawa, jambo hili hutushangaza. Kaka mtu, ndiye aliyerithi uearl mwaka 1927. Mdogo alibaki na posho na malezi ya kimwinyi: farasi, bunduki, mvinyo, Kilatini. Kazi za kumsitiri mtu wa tabaka lake zilihesabika, yaani jeshi, kanisa, sheria na siasa, na duka lilikuwa aibu. Kijana analelewa kuwa bwana wa nyumba ambayo si yake! Nasema kipaji kilipotea, na waliokipoteza ni wale waliomlea hivyo. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mleta mada, mirathi unaionea. Katika karne ya 17, Lord North wa nne alikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Cheo kilikwenda kwa mkubwa, kama desturi. Francis akasomea sheria, akafika kuwa mtunza Muhuri Mkuu wa Uingereza. John akawa mkuu wa Chuo cha Trinity, Cambridge. Dudley akawekwa kwa mfanyabiashara ajifunze kazi, akapelekwa Izmir, kisha Istanbul, akarudi London tajiri, na maandishi yake ya kutetea biashara huria yakachapishwa 1691. Baba mmoja, mama mmoja, na sheria ni ileile iliyomlea huyo wako. Ila hawa walitafutiwa kazi wangali wadogo, na duka halikuonekana aibu.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni mtu wa Voi, na sikubali kwamba kuijua nyika ni kupoteza kipaji. Miaka yake ya mwisho Finch Hatton aliandika kwenye gazeti la The Times la London akiwalaani waliokuwa wakiwapiga simba risasi wakiwa ndani ya magari huko Serengeti. Mtu hawezi kutetea asichokijua, na yeye alikijua kwa kukaa porini, si kwa kukaa ofisini London.

Na jamani, ndani ya ndege ile hakuwa peke yake. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu. Nyumbani kwetu huwa tunawataja wote wawili.

Mchangiaji wa 3

Mnagombania uvivu wake kana kwamba ndio uliotudhuru. Mtazameni Lord Francis Scott, naye mtoto mdogo wa Duke wa Buccleuch. Alikuja baada ya Vita vya Kwanza, akajenga nyumba yake ya Deloraine kule Rongai, akalima, akaingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa kiongozi wa walowezi. Huyu hakupoteza kipaji hata tone. Alikitumia chote kutetea mamlaka ya walowezi na Nyanda za Juu zibaki kwa wazungu. Kati ya hawa wawili, mimi babu yangu angeomba apewe jirani mvivu.

Mleta mada

Mchangiaji wa 1, nimekubali: mirathi ilifunga mlango mmoja, wazazi ndio walioamua kufungua mingine au kuiacha. Akina North wamenirekebisha. Mkuu wa Voi, barua zile ni kazi ya maana, sitazibeza, lakini ni kazi ya miaka michache katika maisha ya miaka 44. Na asante kwa kumtaja huyo mwenzake wa safari; niliandika kifo kile kana kwamba ni cha mtu mmoja.

Mchangiaji wa 3 ndiye amenigusa. Swali langu nililiweka upande mmoja. Miaka ileile, Nairobi hiyohiyo, kulikuwa na Harry Thuku, kijana aliyesomea misheni ya Kambui, mpokea simu katika ofisi ya Hazina. Mwaka 1921 aliwakusanya watu kupinga kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 akakamatwa, waliokuja kumdai nje ya kituo cha polisi wakapigwa risasi, naye akapelekwa kizuizini Kismayu, baadaye akahamishiwa kwingine, asiachiliwe hadi mwisho wa muongo ule. Finch Hatton alikuwa na uhuru wa kutofanya lolote na akili zake. Thuku alizitumia akanyang'anywa miaka minane. Basi tuendelee, lakini sasa nataka wenye habari za vijana wa aina ya Thuku walete majina, kila mtu wa kwao.