Simu ya binti wa miaka 14: kumnyima, kumfungia au kumkagua?

Mama wa Ngamiani
Assalaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Tanga mjini. Juzi nimekuta mtu asiyemjua kamwandikia WhatsApp: "Nitumie picha, ila usimwambie mama." Nilitetemeka. Namba yake aliipata kwenye kundi la masomo lenye watu zaidi ya 300, ambalo mtoto aliingizwa bila kuulizwa.

Nyumbani tumegawanyika. Baba yake anataka simu ikae kabatini mpaka amalize kidato cha nne. Kaka yangu anasema tuweke Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Mimi nilitaka niwe naikagua kila usiku. Mliojaribu, kipi kimewafaa?

Fundi Makorora
Dada, Family Link nimewawekea wazazi wengi. Ni ya bure. Mtoto akitaka kushusha programu, ombi linakuja kwenye simu yako. Unapanga saa za usiku simu ijifunge. Unaona na mahali alipo. Lakini anachochati huoni. Ukishamruhusu WhatsApp, humo ndani huna macho, na akiazima simu ya mwenzake ndiyo basi.

Anza na hili, halichukui dakika tano: ingia mipangilio ya WhatsApp, faragha, kisha vikundi, uchague wanaoweza kumwingiza kwenye kundi wawe wale tu aliohifadhi majina yao. Picha yake ya wasifu ifanye hivyohivyo. Simu za wasiojulikana nazo zinanyamazishwa hapohapo kwenye faragha.

Baba Wawili, Pongwe
Mimi nilikagua mwaka mzima. Kila usiku nilisoma habari za mpira na kazi za shule, nikalala nimetulia. Kumbe WhatsApp ina sehemu ya kuficha mazungumzo kwa namba ya siri, na ina ujumbe unaojifuta baada ya saa 24. Kijana wangu alikuwa anatishwa na mtu mwenye picha yake, anadaiwa hela. Alituma mara tatu. Mara ya tatu aliuza baiskeli, akaniambia imeibiwa.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu: "Baba, si ulisema ukikuta uchafu kwenye simu utanivunja mguu?" Ni kweli nilisema. Linaniuma mpaka leo.

Mwalimu wa Zamu
Pole sana baba. Na kabatini nako si salama kama inavyodhaniwa. Wanafunzi walionyimwa simu nyumbani nawaona na simu za wenzao, na akaunti ambazo wazazi hawazijui. Huyo akitishwa, ili aseme inabidi kwanza akiri kwamba ana akaunti. Ananyamaza.

Jambo jingine, tazameni mwaka wa kuzaliwa waliojaza. TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Instagram tangu Septemba 2024 inawapa vijana akaunti ya kwao, wageni hawawaandikii hovyo, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza ulinzi huo bila mzazi. Yote hayo hayafanyi kazi kama mtoto ameandika kazaliwa 1998.

Ikiwa picha imeshatoka: msilipe, maana akilipwa anarudi. Msifute mazungumzo, pigeni skrinishoti kwanza ndipo mumzuie. Namba 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ipo pia tovuti inayoitwa Take It Down, ya kusaidia kuondoa mitandaoni picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu; kinachotumwa ni alama yake tu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuizuia.

Binti Raskazone
Mama, shikamoo. Nina miaka 19. Nilipokuwa na 15 nilimwambia mama kuna mtu ananisumbua, simu ikachukuliwa siku ileile. Lililonipata baada ya hapo sikumwambia mtu. Nakuomba, siku atakayokuambia usimnyang'anye.

Fundi Makorora
Mdogo wangu, nakuunga mkono. Ila usiku simu isilale chumbani kwake. Hilo mimi silegezi.

Mama wa Ngamiani
Baba Wawili, nimelia. Jana baada ya isha tumekaa watatu mkekani. Lile kundi ametoka, vikundi tumevifunga. Kule Instagram kweli alijiandika mtu mzima, tumerekebisha. Simu itachajiwa sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Kisha baba yake akamwahidi, nami nikisikia, kwamba akileta jambo lolote simu haitachukuliwa.

Saa 5 usiku akaja chumbani kwangu, akanionyesha namba nyingine. Huyu ni mtu wa mtaani kwetu, tunasalimiana naye. Skrinishoti ninazo. Asubuhi tunakwenda Dawati, baba yake kaomba ruhusa kazini.