Nguo za mazoezi zinanimalizia hela, nisaidieni kupanga

Mdada wa Tabata
Wadau, habari za jioni. Nipo klabu ya joging hapa mtaani, Jumamosi tunakimbia barabarani, na katikati ya wiki naenda gym ya uswahilini, ile ya vyuma vya kuchomelea. Pumzi imeongezeka, usingizi upo, sina malalamiko. Shida ni mfuko. Kila bonanza klabu inatoa sare mpya: fulana 15,000/=, taiti juu yangu, na mwezi huu mabonanza ni mawili. Bado hujagusa zile seti za mtandaoni, taiti na kitopu rangi moja, 45,000/=. Nilinunua moja kwenye ukurasa fulani. Nilipochuchumaa, shosti wangu akanitajia rangi ya chupi.

Bajeti yangu ya nguo zote, za kazini na za harusini humo humo, ni 60,000/= kwa mwezi. Na kifua changu ni kikubwa, kwa hiyo "vaa chochote" hainisaidii. Kipi ninunue kipya, kipi mtumba, na sare nazo nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Mbio
Binti, hela yako ielekee kwenye raba na sidiria. Vingine vyote ni kitambaa tu.

Raba za mtumba zina siri moja: povu la soli linazeeka hata kama mwenyewe hakuwahi kukimbia nalo. Utaona kitu kinang'aa, wiki ya pili soli inaachia gundi. Ikunje kabla ya kulipa. Ikikunjika kama chapati katikati ya unyayo, irudishe; inatakiwa ijikunje pale vidole vinapoanzia. Kisha bonyeza soli kwa dole gumba: ikiwa ngumu, goti lako ndilo litakalokuwa povu. Na nenda kujaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, uache nafasi mbele ya kidole kirefu.

Shangazi Mjini
Mnamfundisha ubahili. Mimi nikivaa seti iliyonikaa vizuri ndiyo naamka saa kumi na moja. Fulana ya kampeni ya uchaguzi inanirudisha kitandani. Anunue seti moja nzuri aipende.

Muuza Karume
Shangazi, seti nzuri sikatai, ila aikague. Mimi nipo Karume, soko la mitumba, taiti ndiyo biashara yangu. Dada, soma lebo ya ndani: unatafuta polista au nailoni iliyochanganywa na spandeksi, ule uzi unaovutika. Pamba tupu inakunywa jasho na kubaki nayo, na kwa joto hili la Dar utakimbia umebeba ndoo, mapaja yanachubuka. Ingiza mkono ndani ya taiti, ivute, itazame juani. Ukiona vidole vyako, ndiyo ile ya chupi. Halafu iachie: isiporudi haraka, lastiki imekufa, hata kama bei ni ya kutupa.

Asubuhi belo, yaani robota la mitumba, linapofunguliwa bei imesimama lakini mali ipo. Jioni nashusha, ila umebaki uchaguzi wa waliochoka kuchagua. Fulana za kukimbilia utapata kwa 3,000/= hadi 5,000/=.

Sidiria usiiguse mtumbani. TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata ukiipata ya kujificha, kazi yake ni kubana na mbano umeshaisha kwa mwenye nayo wa kwanza. Nunua mpya, mikanda mipana, iliyoshika vizuri chini ya titi. Rukaruka hapo hapo dukani, usione haya.

Binti wa Unguja
Sisi wa stara tunabanwa zaidi, maana "za Kiislamu" zinauzwa ghali kwa jina tu. Mie navaa fulana ya kiume ya mikono mirefu, nyepesi, inashuka hadi mapajani, na suruali pana ya traki. Kichwani kitambaa cha jezi kinachovutika, hakitaki pini. Bonanza la Januari mosi hapa kwetu kila kikundi huja na sare yake, lakini chetu tumekubaliana rangi tu. Kila mtu atafute anapopajua.

Wa Gikomba
Hapa Nairobi ni vivyo hivyo: kamera, zile nguo za daraja la kwanza, zinachukuliwa na wenye maduka alfajiri, sisi tunangoja fagia, yaani mabaki. Mimi naongeza la kufua, kwa sababu watu wananunua upya nguo ambayo haijaisha, imenuka tu. Polista inashika harufu. Iloweke kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni, igeuze ndani nje, ianike kivulini. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inaziba kitambaa na jasho halitoki. Pasi pia hapana, spandeksi haipendi moto.

Katibu wa Klabu Jirani
Kuhusu sare, usimvamie mwenyekiti kwenye grupu, atajiona amedhalilishwa. Mfuate pembeni, umpe pendekezo: sare moja kwa mwaka, na bonanza la kualikwa mnavaa hiyo hiyo. Anayetaka fulana ya tukio achangie kwa hiari. Kwetu ilipita, kwa sababu wengi walikuwa wanaumia kimyakimya.

Mdada wa Tabata
Asanteni mno. Mwezi huu sidiria mpya na taiti moja ya Karume, raba nazisubiri nikipokea mchezo wetu wa kupeana hela mwezi ujao. Shangazi, seti yako itakuja, usininunie. Mwenyekiti nitamfuata Jumapili baada ya mazoezi. Swali la mwisho: fulana za mabonanza yaliyopita zimejaa kabatini, pamba tupu. Nizitupe?

Fundi Tandika
Usitupe. Nakata mikono na shingo, unapata singlendi za gym, huko hukimbii masafa. 2,000/= moja. Ila usije wiki ya kufungua shule.