"Pumba": neno hili limetoka wapi? Tupeane uzoefu

Kadogo: "Unaongea pumba." "Pumba tupu." "Acha pumba zako." Maana wote tunaijua, ni upuuzi. Asili je? Wapo wanaosema limekatwa kutoka "pumbavu".

Fundi Mashine: Halijakatwa popote, asili yake iko mashineni. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ganda lilegee, kisha hukobolewa: huku yanatoka meupe ya sembe, kule pumba. Maji yakizidi, pumba hutoka mbichi na kugandamana. Mahindi yakiwa makavu mno hupasuka, chenga zikaondoka na pumba. Sasa nyanyua gunia la pumba: limejaa mpaka mdomoni, uzito hakuna. Ndiyo maneno ya mtu wa hivyo.

Mapepe: Umemaliza.

Mwalimu wa Zamu: Hata sarufi inakubali. Tunasema "pumba zako", kama "pumba za mahindi". Upumbavu ni "wako", na una kitenzi chake, kupumbaa. Upuuzi nao unatoka kwenye kupuuza.

Mbishi: Lugha ya mtaani haina ngeli bwana! Nani amewahi kuuliza ngeli ya "noma"?

Mwalimu wa Zamu: "Noma hii." Umeshaitumia bila kuulizwa.

Bibi Kuku: Mnazitukana bure. Pumba zina kiini cha hindi, kina mafuta, ndiyo maana zikikaa sana zinachacha. Zikipata unyevu zinaota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Zianike, weka magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Na kuku usimpe pumba peke yake, changanya mashudu na dagaa.

Mapepe: Tulikuwa kwenye lugha, tumeishia bandani.

Mbishi: Na dona, isiyokobolewa?

Fundi Mashine: Hiyo ni hoja iliyosagwa pamoja na pumba zake.

Kadogo: Na "utumbo"?

Mwalimu wa Zamu: Pumba zaidi ni maneno matupu. Utumbo hata kazi iliyoharibiwa: "ripoti yenyewe utumbo mtupu". Yote mawili usimwambie mkubwa. Sema, "Shikamoo mzee, hapo sijakuelewa."

Mbishi: Mwambie tu, atazoea.

Mapepe: Usimsikilize huyo. Halafu mkichati kwa haraka, chungeni herufi ya mwisho. Ikiwa u badala ya a, umeshataja kiungo cha mwanamume kwenye grupu la familia.