Kilo 2.5 za Malleswari: kwa nini aliomba 137.5?

dada_wa_Temeke:
Heshima kwenu wakuu. Naandaa somo la mabinti wanaonyanyua vyuma hapa Temeke. Nataka kutumia Wahindi wawili: Karnam Malleswari, mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki (shaba, Sydney 2000, daraja la kilo 69), na Mirabai Chanu aliyepata fedha Tokyo. Malleswari alimaliza na jumla ya 240, dhahabu ikaenda kwa 242.5. Sasa mbona jaribio la mwisho aliomba 137.5?

KochaVyuma:
Dada, hesabu ni hizi. Snachi (chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) 110, klini na jeki (kwanza hadi mabegani, kisha juu) 130. Lin Weining wa China na Erzsébet Márkus wa Hungaria wote walifika 242.5, Lin akapewa dhahabu kwa kuwa na mwili mwepesi zaidi. Enzi hizo uzito ulipanda kwa 2.5, si kilo moja kama sasa. 132.5 ingemfikisha sawa nao tu, halafu mizani ya mwili iamue. 135 ingempa 245, juu ya wote. 137.5 ni kuruka 7.5 kutoka 130, na ilimshinda.

Kwa mabinti sisitiza jaribio la kwanza kuliko la tatu. Liwe uzito anaounyanyua hata siku mwili umegoma. Rio 2016 Mirabai alikosa klini na jeki zote tatu, kwa hiyo hakuandikiwa jumla kabisa, hata kama snachi ilipita. Tokyo (2021) alianza na 110, akaenda 115, zote zikapita, 117 ikagoma. Na 87 za snachi, jumla 202, fedha.

Jicho_la_Refa:
Nakubaliana na mkuu, ila tofauti ya hawa wawili iko kwenye snachi. Snachi ya Malleswari ilikuwa kama asilimia 85 ya klini na jeki yake. Mirabai aliweka rekodi ya dunia ya klini na jeki, kilo 119, Tashkent 2021, na siku hiyo snachi yake ilikuwa 86 tu, yaani asilimia 72. Miguu ipo, tatizo ni bega. Alikwenda hadi Marekani kulishughulikia. Paris 2024 alipata 199, shaba ikaondoka na 200. Kilo moja! Inauma mno.

Binti akiwa chini ya asilimia 75, usimuongezee skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani). Angalia kama anaweza kukaa chini kabisa na chuma kikiwa juu ya kichwa, viwiko vimenyooka. Kiwiko kikikunjika kisha kikanyooshwa tena, marefa wanawasha taa nyekundu.

dada_wa_Temeke:
Asanteni sana. Nataka pia waone 115 ya Mirabai ikiwa imepangwa mbele yao. Inapangwaje?

KochaVyuma:
Chuma cha wanawake ni kilo 15, si 20. Kila upande weka sahani nyekundu ya 25, ya bluu ya 20, ndogo ya 2.5, kisha kibano cha 2.5. Hiyo ni 50 kwa upande, jumla 115. Kama mna chuma cha kilo 20 cha wanaume, mkipanga hivyohivyo mtapata 120, na ni kinene zaidi: milimita 28 badala ya 25, kinateleza kwenye kiganja kidogo. Klipu nyepesi za springi nazo hazina kilo 2.5, kwa hiyo zipimeni kwanza kabla ya kuandika namba ubaoni.