Skuli kongwe ya kijijini: tuibomoe tupate fremu za maduka, au tuitengeneze iwe ya watu wote?

Mtoa mada

Assalaam alaykum jamani. Nalileta hili hapa maana kikao cha kijiji kimelishindwa, watu wamefika kutukanana kwa mashamba ya babu zao. Sie ni wa huku kaskazini Pemba, tuna banda la skuli la zamani, vyumba vitatu na varanda mbele, kuta za mawe na chokaa. Wazee wanasema lilisimama kabla ya Mapinduzi, enzi za ada, maana elimu bila malipo ilikuja kutangazwa Septemba 1964. Watoto wamehamia skuli mpya ya ghorofa, alhamdulillah, mambo ya kuingia asubuhi na mchana yamekwisha, lakini banda limebakia na popo. Msimu wa karafuu watu wanaanika pale varandani, harufu unaipata toka barabarani, msimu ukiisha ni mbuzi tu.

Sasa kuna wanaosema bomoa, mawe yauzwe, pajengwe fremu sita tukodishe. Wengine tunasema litengenezwe, chumba kimoja maktaba na masomo ya jioni kwa watoto wa mitihani, kimoja vyerehani vya kina mama, cha tatu vikao vya shehia, maana hivi sasa tunakaa chini ya mwembe, mvua ikidondoka kikao kimevunjika.

Mie nasema litengenezwe na msinambie ni mapenzi ya zamani, ijapokuwa nimesoma pale na ile ringi ya lori iliokuwa kengele yetu bado imening'inia. Wiki iliopita niliingia na ufunguo nikawa nakwaruza ukuta. Palipobakia chokaa ya mwanzo ufunguo unateleza, pakavu kabisa. Pale walipokuja kupiga plasta ya saruji miaka ya nyuma, nimegusa tu bamba zima likashuka, nyuma yake majimaji na chumvi nyeupe kama unga wa sembe. Fundi yoyote wa mawe atakwambia kwa nini, ukuta ule unapumua, unyevu unapanda kutoka chini unatokea nje, ukiuziba kwa saruji unabaki ndani unakula udongo ulioshika mawe. Yani banda lile limeumizwa na matengenezo kuliko uzee.

Kwa hivo tusianze na rangi. Bati kwanza, maana bila paa chochote utakachofanya chini masika inakifuta. Halafu saruji yote ing'olewe irudi chokaa, na chokaa inataka irowekwe shimoni ikae, sio unanunua leo kesho unapiga, ndio maana makandarasi hawaitaki. Na kabla ya bati, karatasi! Jengo ni la serikali, lipo chini ya wizara, hata tukitia milioni ngapi bila ya makabidhiano ya maandishi ipo siku atashuka mtu kwenye gari atwambie tupishe. Kijiji fulani jirani yamewakuta hayo, walichangishana mpaka wakamaliza na rangi, wakaambiwa wahame, hawakuwa na hata barua moja ya kuonesha.

Semeni, ila bila ya matusi.

Mpemba wa Dar

Yakhe umelifanya shairi hili. Pesa tunazotuma sie tulio mbali ndio zitakazoliwa hapo. Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la masultani, iko Mji Mkongwe wa Unguja, urithi wa dunia tangu 2000, wataalamu tele, na bado tarehe 25 Disemba 2020 ikaporomoka ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Sasa nyie na ngazi moja na shimo la chokaa? Fremu zikikodishwa zinamlipa mwalimu wa jioni, maktaba itamlipa nini? Mie kwa maktaba sitoi hata senti.

Mama wa vyerehani

Kaka yangu, fremu sita umkodishe nani? Hapa duka la pili likifunguliwa la kwanza linafunga, wewe upo Dar hulijui hilo. Sie tuko wanawake 14, vyerehani vinne vyote chumbani kwangu, kimoja kishaota kutu kwa kukaa chini ya kitanda. Tupo tayari kutoa elfu tano kila mtu kwa mwezi, hizo ni elfu sabini, mwaka laki nane na arubaini, bati zinazovuja si zitabadilishwa kwa hizo hizo?

Na mie nina langu. Kikao kilichogawa vyumba mwanamke alikuwa mmoja na muda mwingi alikuwa jikoni anachemsha chai. Mmetaja maktaba mmetaja vikao, choo nani kataja? Kile cha skuli kimeporomoka zamani. Mtoto wa kike aje masomo ya usiku ajisitiri wapi, migombani?

Mwalimu mstaafu

Wanangu, nimesomesha pale miaka 11, mtoa mada nimemchapa mwenyewe kwa kuchelewa. Kwenye barua na kwenye chokaa yuko sawa. Ila hakusema yote. Ukuta wa nyuma una ufa unaingia mkono, ule ubomolewe ujengwe upya, hauna wa kuuonea haya. Na paa lile ni boriti za mikoko, siku hizi hukati bila kibali, na mbao za sokoni kama hazikutiwa dawa mchwa wanazimaliza hata bati hazijashika kutu. Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe mipaka yake ni huko huko Mji Mkongwe, sie wa shamba hakuna wa kuja kutukagulia, kwa hivo aitwe mhandisi wa wilaya atazame kwanza kabla hamjamchangisha mtu.

Mtoa mada

Mwalimu shikamoo. Ule ufa niliuona nikanyamaza makusudi, niliogopa wa fremu wasipate la kusema, sasa umelisema wewe basi bora. Mhandisi aje mwanzo, na akisema libomolewe lote mie sina neno tena.

Mama wa vyerehani, choo nimekosa, nisamehe. Kiingie kabla ya maktaba, na kikao chengine kifanyike saa kumi alasiri na mkutane nyie kwanza peke yenu.

Mpemba wa Dar, Beit al Ajaib ni ya 1883, maghorofa juu kwa juu, letu hata ngazi halina. Na ile ilikaa miaka imefungwa inasubiri, ndio ninachokiogopa na kwetu, tukisubiri tukubaliane wote ukuta hautatusubiri. Pesa yako kama huitaki iende maktaba nunulia bati, uandikwe jina lako kwenye daftari, risiti utatumiwa picha.

Jumamosi asubuhi nitakuwepo pale na ngazi tuhesabu bati zilizooza. Anaekuja achukue panga, majani yamefika madirishani.

Mpemba wa Dar

Bati ngapi? Nambie hesabu Jumamosi hio hio. Fremu bado sijaziacha lakini.