Ushauri: Tatizo linanirudia kila mwezi, na mwenzangu hataki kutibiwa

Da_Mwanne: Wanajamvi habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi wekeni kando maana nimechoka. Niko Kimara, nina mwenzangu. Natokwa na majimaji ya kijivu yenye harufu ya shombo, hasa baada ya tendo. Nilipimwa ukeni, wakasema ni bakteria, wakanipa Flagyl. Namaliza dozi, napona kabisa, hedhi ikipita mambo ni yale yale. Siku hizi kwenye mwendokasi nasimama mlangoni hata siti ikiwepo. Sasa nimeona kuwa Australia wamefanya utafiti, wakimtibu na mwanaume, mwanamke anapona zaidi. Mwenzangu nikimwambia anasema yeye haumwi. Nifanyeje atibiwe?

Kiti_cha_Mbele: Nimeshakaa. Endeleeni.

Baba_Tegeta: Huyo ana mchepuko. Uzi ufungwe.

Mama_Karafuu: Mdogo wangu, achana na hayo madawa ya hospitali. Chemsha majani ya mpera, yakipoa jioshe nayo ndani. Mimi nilivyojifungua wa pili mama mkwe alikuja kutoka Rufiji, akanikalisha juu ya beseni, sikutaka hata kumwangalia usoni. Yule mama tulikuwa hatuivi, lakini siku ile nilimpa heshima yake. Alivyofariki nililia kuliko wanawe.

Nesi_Mstaafu: Mama Karafuu, pole kwa msiba, ila usimwoshe mwenzio ndani. Uke una bakteria wake walinzi. Ukisugua kwa sabuni, limau au shabu unawafukuza hao, wabaya wanajaa.

Dada, utafiti huo upo kweli. Ulitoka Machi 2025 kwenye The New England Journal of Medicine. Walichukua jozi 164 za wanandoa na wapenzi. Kundi moja alitibiwa mwanamke peke yake. Kundi la pili mwanaume naye alipewa vidonge vya metronidazoli, hiyo hiyo Flagyl, pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 tatizo liliwarudia wanawake 63 katika kila 100 waliotibiwa peke yao. Waliotibiwa pamoja na wenzao ni 35. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilishaonekana wazi. Ila walichukua watu wenye mwenza mmoja tu. Je, mwenzako ni wako peke yako?

Da_Mwanne: Asante sana dada Nesi. Hilo la krimu sikulijua. Mimi vidonge vyake nimeshanunua, nilipanga nivisage nitie kwenye uji wa ulezi, maana kila asubuhi hatoki bila uji. Siyo sumu, ni dawa, na ni kwa faida yetu wote.

Baba_Tegeta: Vidonge kwenye uji, sawa. Na krimu utampaka akiwa amekoroma?

Fundi_Bomba: Msicheke. Mimi mke wangu aliwahi kunitilia dawa ya kuacha pombe kwenye supu. Nilitapika hadi nyongo mbele ya wateja. Pombe sikuacha, supu ndiyo niliacha.

Nesi_Mstaafu: Metronidazoli ikisagwa ina uchungu mkali na inaacha ladha ya chuma mdomoni, atajua kijiko cha kwanza. Akinywa bia juu yake inaweza kumletea kichefuchefu na kutapika. Halafu majaribio ya zamani yaliwapa wanaume vidonge peke yake na hayakusaidia kitu, ndiyo maana safari hii wakaongeza krimu. Kumnywesha mtu mzima dawa bila ridhaa yake sitakupa baraka hata uandike kurasa kumi. Na swali langu hujajibu.

Da_Mwanne: Haya. Ana mke mwingine, bi mkubwa yuko Chanika. Mimi nimeolewa kihalali, mahari ililipwa, cheti ninacho. Sikusema kwa sababu nawajua, mtaacha swali langu mshike ndoa yangu.

Mama_Karafuu: Sasa hapo ndipo shida ilipo. Kuingia kwenye nyumba ya mwenzio halafu unataka amani?

Mwalimu_Idd: Mama, dini imeruhusu. Tusihukumu.

Mama_Karafuu: Imeruhusu kwa mwenye uadilifu, malizia na hiyo mwalimu.

Nesi_Mstaafu: Mkimaliza mnipishe. Dada, bakteria hawa wanakaa uumeni na kwenye njia ya mkojo, hata kwa aliyetahiriwa. Ukimtibu yeye na wewe, huku bi mkubwa naye anao, utazunguka hapo hapo. Utafiti ule haukuwagusa watu wa nyumba kama yenu, kwa hiyo zile namba usizibebe kama ahadi. Nendeni mkaonane na daktari, bi mkubwa naye apimwe. Na usiliache tu, linaongeza hatari ya kupata VVU, na kwa mjamzito linaweza kuleta mtoto njiti.

Mpima_Chai: Subirini kwanza. Kule juu kila asubuhi uji. Huku chini kuna mke Chanika. Huko analala saa ngapi? Hii chai, stori ya kutunga, na kesho mtaletewa namba ya muuza dawa za asili.

Kiti_cha_Mbele: Nilishaanza kuhisi iliki.

Da_Mwanne: Siku za kazi yuko kwangu kwa sababu ofisi yake iko Ubungo. Ijumaa anakwenda Chanika. Ulitaka niweke na ratiba?

Mpima_Chai: Bi mkubwa kakubali wikiendi tu? Bi mkubwa wa nchi gani huyo?

Kijana_wa_Feri: Chai au siyo chai, mimi nimefaidika. Mke wangu ana hali hii hii na nilimnunia nikidhani katoka nje.

Nesi_Mstaafu: Kupata hali hii siyo ushahidi wa kutoka nje. Mwombe radhi leo, mwende pamoja.

Mtu_wa_Famasi: Angalizo kwa watakaokimbilia dukani. Klindamaisini ya chunusi ni jeli ya asilimia 1. Waliyotumia kwenye utafiti ni krimu ya asilimia 2, ile ya ukeni. Msichanganye, na njooni na cheti cha daktari.

Da_Mwanne: Ya chunusi ninayo hapa ndani. Nikiipaka mara mbili si inafika 2?

Nesi_Mstaafu: Mwanne!