Mrejesho: makumbusho ya Vienna kwa msafiri wa meli ya mto Danube

Habari wadau. Swali langu lilikuwa: meli ikitia nanga Vienna siku moja tu, makumbusho yataonekana au ni kupita mbio? Jibu: yanaonekana, ukichagua jengo moja.

Meli nyingi hufunga karibu na daraja la Reichsbrücke, mbali na katikati ya mji. Tembea hadi kituo cha Vorgartenstraße, panda treni ya U1 vituo vinne hadi Stephansplatz, badili uingie U3, vituo viwili, shuka Volkstheater, karibu na Kunsthistorisches, makumbusho makubwa ya sanaa. Tenga nusu saa na ushee, kwenda tu.

Kabla ya kulipia matembezi ya mjini yanayouzwa melini, tazama ni siku gani. Kunsthistorisches hufungwa Jumatatu nje ya miezi ya kiangazi, lakini Alhamisi hufika saa tatu usiku. Ukiangukia Jumatatu, nenda Belvedere ya Juu, kasri lililo makumbusho, ilipo picha ya mchoraji Klimt, "Busu".

Ndani ya Kunsthistorisches, begi la mgongoni liache mapokezi, kisha panda moja kwa moja kwenye chumba cha picha za mchoraji Bruegel. Wengi huanzia sehemu ya Misri ya kale ghorofa ya chini, na wakifika juu miguu imekwisha. Simama mbele ya picha yake ya wawindaji, ya 1565: kundi zima la mbwa, na windo ni mbweha mmoja tu. Picha yake ya Mnara wa Babeli (1563) inataka dakika ishirini peke yake.

Na jamani, saa ya kurudi melini si saa ya kuondoka. Hutangulia kwa nusu saa hivi. Piga picha ubao wa mapokezi, pamoja na jina la gati.